Ukishika Umecheza

Kijiwe chetu cha kahawa kiko ubavuni mwa gereji moja huku Temeke, chini ya mwarobaini uliofyekwa matawi ya upande mmoja ili usiguse nyaya za umeme. Ubao wa drafti ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa mkono, na kete ni vizibo vya soda: vya upande huu vimelala kifudifudi, vya upande ule chali. Jioni moja nilimkuta mzee mmoja, fundi magari aliyekwisha kustaafu, ameweka kidole gumba juu ya kizibo na kukiacha hapo. Hakukisogeza. Kashata yake ilikuwa imeumwa mara moja tu, na kahawa imepoa. Muda mfupi kabla ya hapo watu walikuwa wanabishana kuhusu Simba na Yanga kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Kidole kilipotua wote wakanyamaza, maana sheria ya pale haina rufaa: ukishika umecheza. Mzee alikuwa ameshika, na uso wake ulionyesha kwamba ameshaona alichokishika.

Sheria hiyo hiyo ndiyo ya sataranji. Mchezo huu ulianzia India, ukapita Uajemi, Waarabu wakaupokea, na sisi tukaupata pamoja na jina lake. Lugha yetu imeupa heshima ambayo wengi tumeisahau: mfalme wa sataranji ni shaha, na bingwa wa mashairi naye ni shaha. Waliotuachia neno hilo hawakuona mchezo kuwa kazi ya wavivu. Mimi niliyezaliwa baada yao ndiye niliyeona hivyo, na kwa miaka mingi.

Mpwa wangu anaishi kwangu tangu aanze sekondari. Alikuja na begi la nguo, godoro, na boksi la sataranji lenye kete za plastiki ambalo alipewa na kijana mmoja wa mtaani kwao. Kitunda kimoja cheusi, yaani kile kiaskari kidogo cha mstari wa mbele, kilikuwa kimepotea, na mahali pake aliweka kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. Jioni alikuwa akicheza peke yake, upande huu kisha upande ule, akiugeuza ubao kila baada ya hatua. Mimi nikipita namwambia, "Kashike kitabu." Naye anajibu, "Sawa, mjomba," na anakwenda kweli, lakini macho yake yanabaki nyuma.

Alhamisi ya tarehe 12 Desemba 2024, shule zikiwa zimefungwa, alinifuata sebuleni na simu mkononi. Ilikuwa inakaribia saa kumi alasiri. Huko Singapore ilikuwa usiku, na mchezo wa 14 wa kuwania ubingwa wa dunia ulikuwa unaelekea ukingoni. Ding Liren wa China, bingwa mtetezi, na Gukesh Dommaraju, kijana wa miaka 18 kutoka Chennai, India, walikuwa na pointi sita na nusu kila mmoja. "Mjomba, hii inaisha sare," mpwa wangu akasema. "Kesho watacheza za haraka." Wachambuzi nao walikuwa wanasema hivyo hivyo. Kila upande ulibaki na ngome moja, askofu mmoja na vitunda vichache. Gukesh alikuwa na kitunda kimoja zaidi, ziada ambayo katika hali kama ile kwa kawaida haitoshi kumpa mtu ushindi. Angeweza kukubali sare akapumzike. Aliendelea kusogeza, hatua baada ya hatua, akimuuliza mwenzake swali lile lile kwa njia nyingine.

Katika hatua ya 55, Ding alirudisha ngome yake nyuma, kwenye mraba uitwao f2. Mpwa wangu alinyanyuka. Sikuelewa kilichotokea, ikabidi anionyeshe kwenye ubao wake mwenyewe, kile kifuniko cha dawa kikiwa miongoni mwa vitunda vyeusi. Ngome zinabadilishana. Halafu askofu mweusi anakwenda katikati, na askofu mweupe hana pa kukimbilia, kwa hiyo nao wanabadilishana. Wanabaki wafalme na vitunda, na hapo kile kitunda cha ziada, ambacho kwa saa nzima hakikuwa na thamani, kinakuwa ndicho mchezo wote. Ding alikubali kushindwa hatua tatu baadaye. Pointi saba na nusu kwa sita na nusu. Tangu mwaka 1985, Garry Kasparov aliposhinda akiwa na miaka 22, hakukuwa na bingwa asiyepingwa mwenye umri mdogo kuliko huo.

Baadaye Gukesh alieleza jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko ushindi wenyewe. Alisema hakuliona kosa la mwenzake papo hapo. Alikuwa karibu kabisa kucheza hatua nyingine, na mkono wake ungekwishashika, mchezo ungeendelea na sare yake. Ubingwa wa dunia ulipitia kwenye upenyo wa sekunde chache ambazo kijana alijizuia asiguse kitu. Kisha, machozi yakimtoka mbele ya kamera, akaanza kuzipanga kete upya, moja moja, kila moja kwenye mraba wake wa mwanzo, kama afanyavyo siku zote baada ya mchezo. Kuhusu Ding, watu wengi wanakumbuka kosa tu. Mimi namkumbuka alivyokuja kukaa mbele ya waandishi wa habari, mtu ambaye tangu achukue taji mwaka 2023 alikuwa amesema wazi jinsi sonona ilivyomwelemea, akasema kwamba matokeo yale ni ya haki na kwamba hana majuto. Sijawahi kumsikia mtu mzima katika ukoo wetu akilisema hilo kuhusu kosa lake, nami nikiwamo.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo nilibadilika. Sikubadilika. Juni 2025, mpwa wangu akiwa kidato cha nne, nililichukua lile boksi nikaliweka juu ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku, nikamwambia atalipata akimaliza mtihani wa taifa. Hakubisha. Alisema, "Sawa, mjomba," kama kawaida yake. Wiki kadhaa baadaye nilifungua daftari lake la jiografia nikitaka kuona maksi za jaribio. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa ubao wa sataranji uliochorwa kwa penseli na rula, miraba 64 kila ukurasa, herufi ndogo ndani ya miraba, zimefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imekonda. Mbele, ramani ya uoto wa Tanzania ilikuwa imechorwa kwa uangalifu ule ule. Nililifunga daftari, sikumwambia kitu. Lakini sikulirudisha boksi pia.

Katika miezi hiyo hiyo, boksi likiwa juu ya kabati, dunia ilikuwa kama inanifokea. Tarehe 1 Juni, huko Stavanger, Magnus Carlsen alikuwa anaelekea kumshinda Gukesh, akapotea njia, akashindwa, akaipiga meza ngumi mpaka kete zikaruka. Huyo ndiye mchezaji ambaye wengi wanamhesabu kuwa bora kuliko wote waliopata kuishi. Ngumi ile ilinifariji kidogo, kwa sababu ilionyesha kwamba hata mtu wa kiwango kile kosa bado linamuuma. Kisha mwezi Julai, mjini Batumi, Georgia, Divya Deshmukh, msichana wa miaka 19 kutoka Nagpur, alimshinda Koneru Humpy, dada yake katika mchezo huu na bingwa wa muda mrefu wa nchi yao, akachukua Kombe la Dunia la wanawake. Alimkumbatia mama yake akalia kwa kwikwi.

Na tarehe 14 Juni, huko Eugene, Oregon, Doris Lemngole wa Kenya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 58.15. Kabla yake hakuna mwanafunzi wa chuo nchini Marekani aliyewahi kwenda chini ya dakika tisa katika mbio hizo. Nimezitazama tena na tena. Mkimbiaji anaruka mara 35: viunzi 28 vya nchi kavu, na mara saba kiunzi chenye dimbwi upande wa pili. Viunzi hivi si kama vile vya mita 100 ambavyo ukivigonga vinaanguka. Hivi ni magogo mazito, hayatikisiki, na anayeanguka ni wewe. Tazama mguu wake kwenye dimbwi: anakanyaga juu ya gogo kwa unyayo, anajisukuma mbele, anatua mahali ambapo maji yameanza kuwa mafupi, na mguu wa pili tayari uko nje, pakavu. Hapotezi muda kwenye maji. Mpwa wangu aliponiona nikizitazama alisema kitu ambacho sikukitarajia kwa mtoto anayependa kukaa: "Huyu kila hatua ameshaihesabu, mjomba. Hashiki ovyo." Novemba mwaka huo Lemngole alitwaa ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika kwa mwaka wa pili mfululizo.

Njia aliyopita Lemngole ni ya zamani. Suleiman Nyambui wetu alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 huko Moscow alileta fedha ya mita 5,000. Filbert Bayi alileta fedha nyingine kwenye mbio hizi hizi za viunzi na maji, na medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kuzipata katika Olimpiki. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akaenda kucheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 alikuwa wa pili kuchaguliwa kuingia NBA kati ya vijana wote wa mwaka huo. Amon Simutowe wa Zambia alikwenda Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, kwa ufadhili wa sataranji. Hakuwa na mbio wala kikapu, alikuwa na ubao tu, na akaja kuwa mwana wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kupata daraja la gwiji mkuu.

Wa karibu nasi zaidi ni Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Alimfuata kaka yake mpaka mahali ambapo Robert Katende alikuwa anawafundisha watoto sataranji na kuwapa uji, na yeye alivutwa kwanza na uji. Filamu ilitengenezwa juu ya maisha yake mwaka 2016, na wengi wanaishia pale filamu inapoishia. Mimi napenda zaidi kilichofuata. Mwaka 2017 alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Northwest, Kirkland, jimbo la Washington, pamoja na Benjamin Mukumbya, mwenzake kutoka ubao ule ule wa Katwe, na wote wawili waliichezea timu ya sataranji ya chuo. Fikiria msichana ambaye aliacha shule kwa kukosa ada, kisha mchezo ukamrudisha darasani kwa mlango wa mbele. Kule Katwe hakuna aliyemwambia aache kete akashike kitabu. Kete ndizo zilizomshikisha kitabu.

Lakini mlango huo una upande wa pili, na sitendi haki nisipomtaja Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kijana huyu wa Nandi alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, kisha viunzi na maji, kisha mita 10,000, kisha mita 3,000. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake wala baada yake. Olimpiki hakuikimbia kamwe, kwa sababu Kenya ilisusia mwaka 1976 na tena 1980. Halafu pombe ikamchukua. Mtu aliyekuwa na rekodi nne alikuja kubeba mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Albuquerque, na kuna vipindi alikosa hata pa kulala. Baada ya miaka mingi aliacha pombe, akafundisha, akaandika kitabu cha maisha yake, akarudi Kenya, na alifariki Februari 2024. Ninapomfikiria najiuliza nani alikuwa karibu naye siku ambazo hakukuwa na mbio. Chuo kinajua kuihesabu miguu ya kijana. Si kila chuo kinachojua kumkalisha akaongea.

Binti yangu anasoma chuo hapa hapa nchini, sitakitaja jina. Anacheza netiboli, nafasi ya kati, na ni mzuri. Nasema hivyo kama baba aliyekaa juani akamtazama. Mwaka jana timu yao ilikwenda Dodoma kwa mashindano ya vyuo. Jezi walizinunua kwa kuchangishana wenyewe. Walifungwa nusu fainali kwa goli moja, na pasi iliyopotea mwishoni ilitoka mikononi mwake. Wakasafiri usiku kucha, wakafika alfajiri, na saa mbili asubuhi kulikuwa na jaribio. Aliomba asogezewe mpaka mchana. Mwalimu wake alimjibu kwamba hapo amekuja kusoma, kucheza ni hiari yake. Akaingia darasani na raba zake za netiboli, vumbi jekundu likiwa bado limeganda kwenye kamba.

Aliponipigia simu jioni nilidhani atalia kwa sababu ya jaribio. Alizungumzia ile pasi. Alinieleza kiganja chake kilikuwa wapi, mwenzake alikuwa anakimbilia upande gani, na jinsi alivyojua kwamba amekosea wakati mpira bado uko kwenye vidole, kabla haujatoka. "Baba, niliona kabisa, lakini mkono ulikuwa umeshatoa." Nilikaa kimya. Nilimwona mzee wa kijiweni, kidole juu ya kizibo. Nilimwona Ding na ngome yake. Na nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa miaka mingi nyuma: kwamba kuna elimu ambayo haipatikani kwa kusomewa. Ni ile ya kuujua mkono wako mwenyewe, kukaa na kilichofanywa na mkono huo, watu wote wakitazama, bila mama wala mwalimu wa kukufutia, halafu kucheza kinachofuata. Binti yangu aliipata elimu hiyo Dodoma, na hakuna aliyempa maksi.

Ndiyo maana jibu la yule mwalimu linaniuma, na ndiyo maana naliogopa, kwa kuwa ni sauti yangu. Maneno yale yale niliyatumia nyumbani, sebuleni kwangu, kwa mtoto wa dada yangu. Sisemi kila mzazi afanye kama baba yake Gukesh, daktari wa masikio, pua na koo, aliyeiacha kazi yake ili amsindikize mtoto mashindanoni, mshahara wa mama ukiilisha nyumba. Gukesh mwenyewe aliacha kwenda shule kila siku baada ya darasa la nne, na kwa mmoja aliyefika kileleni wapo wengi tusiowajua waliobaki bila shule wala taji. Mimi ningeogopa. Lakini kati ya kuacha shule na kuficha boksi juu ya kabati kuna uwanja mpana sana, na chuo kizuri ndicho hukaa katika uwanja huo: kinampa Lemngole kocha na darasa kwa pamoja, kinampa Mutesi ubao na kitabu juu ya meza moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba, mpwa wangu aliniamsha kati ya saa tisa na saa kumi. Mtihani ulikuwa umekaribia, nami nilikuwa tayari kumkemea. "Mjomba, Simbu." Tukakaa gizani, taa tumeizima ili tusiwaamshe wengine. Huko Tokyo, kwenye mbio za marathoni, Alphonce Simbu aliingia uwanjani nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, na mstarini wakafika wote wawili pamoja. Muda wao uliandikwa sawa, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ikasema Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika ubingwa wa dunia wa riadha. Mpwa wangu alinishika mkono, kitu ambacho hajakifanya tangu akiwa mdogo, na sote tukakaa hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Sikumwambia akalale, wala akasome.

Siku alipotoka kwenye mtihani wa mwisho nilipanda juu ya kiti nikalishusha boksi. Lilikuwa na vumbi la kuandikika jina. Alilifuta kwa kiwiko, akafungua, akahesabu kete kwa kidole, thelathini na mbili ukihesabu na kile kifuniko. Nilikuwa nimemnunulia kitunda kipya cheusi kutoka kwa muuza vifaa vya michezo Kariakoo, ambaye alivunja seti nzima kwa ajili yangu. Alikitazama, akashukuru kwa adabu, akakiweka mfukoni. Kifuniko cha dawa akakirudisha mahali pake.

"Kaa, mjomba," akasema. "Wewe nyeupe."

Tumecheza karibu kila jioni tangu hapo. Jana mvua ilikuwa inanyesha, umeme umekatika, tukawasha taa ya chaji tukaiweka pembeni ya ubao. Chai yangu ilikuwa imeshajenga utando juu. Niliona, au nilidhani nimeona, njia ya kuila ngome yake, nikanyosha mkono nikamshika farasi. Kabla vidole havijakaa sawa nikauona mraba ambao farasi yule alikuwa anaulinda, na malkia wake aliyempanga kwa mbali, kimya kimya, akiungojea. Mpwa wangu hakuniangalia usoni. Alikuwa anatazama mkono wangu, kwa utulivu, na nje maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bati. Nikamnyanyua farasi.